Rais "atalihutubia", Rais "aweza": swali la mama wa Kalemie lililonishinda hapa Kibirizi

Mzigo wa Kibirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Nafanya biashara ndogo hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma mjini. Chumvi ya Uvinza, sabuni za miche, mawese. Wateja wangu wengi ni wa ng'ambo, wanaovuka ziwa kwa maboti ya mbao kutoka Kalemie na Uvira. Desemba mojawapo, mama mmoja wa Kalemie ambaye tunauziana miaka mingi alikuwa ameketi juu ya mifuko yangu akisubiri boti ijae, simu imeganda sikioni. Saa nzima. Nikamtania, mama, mahubiri gani hayo yasiyofika kwenye sadaka? Akacheka, akasema si mahubiri, ni Prezida wao, yuko mbele ya wabunge na maseneta anaeleza nchi imefika wapi. Halafu akaniuliza, bila kejeli yoyote:

"Na wa kwenu anasemaka lini?"

Nikakosa neno. Wa kwetu anasema kila siku: redioni, kwenye ziara, akizindua daraja, akiapisha watu. Lakini nilijua hajauliza hilo. Aliuliza siku gani ya mwaka Rais anakwenda mbele ya Bunge kutoa hesabu ya nchi. Nikamjibu "mwezi wa sita", nikichanganya na bajeti, maana nilitaka yaishe. Yeye akaridhika. Mimi sikuridhika.

Usiku nikaisaka Katiba kwenye simu. Ya kwao, ibara ya 77, inamtaka Rais mara moja kwa mwaka asimame mbele ya Bunge na Seneti wakiwa wamekaa pamoja, atoe hotuba juu ya hali ya taifa. Ya kwetu ya 1977 nikaikuta ibara ya 91. Fupi tu. Kipande cha kwanza: Rais atalihutubia Bunge jipya katika mkutano wake wa kwanza na kulifungua rasmi. Kipande cha pili: Rais aweza wakati wowote kulihutubia Bunge, au kupeleka taarifa ikasomwa na Waziri.

Yaangalieni hayo maneno mawili. "Atalihutubia" na "aweza". La kwanza ni deni, na linalipwa Bunge jipya likizaliwa, yaani kwa kawaida kila miaka mitano. La pili ni ruhusa. Mtu akija hapa kukopa mifuko kumi ya chumvi akaniambia "naweza kukulipa wakati wowote", mzigo hautoki.

Sisemi viongozi wetu hawaendi bungeni. Wanakwenda. Nasema wanakwenda siku waliyoichagua wao. Nchi yenye hotuba nyingi kama yetu, kwa nini haina hotuba moja yenye tarehe?

---

Kidagaa Moto

Mkuu umeamka na njaa nini. Hao Wakongo wanahutubiwa kila mwaka, tena kwa Kifaransa, na bado wanavuka ziwa kuja kununua sabuni kwako. Hotuba haijawahi kushusha bei ya mafuta ya boti. Nionesheni kitu kimoja tu kilichowahi kutoka kwenye hotuba ya bungeni kikamgusa mtu wa Kigoma. Kimoja.

---

Binti wa Kasulu

Kidagaa, kamuulize bibi yangu.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu alilihutubia Bunge pale Dar es Salaam. Watu wanaikumbuka hotuba ile kwa sababu ndimo alimotangaza wizara ya utamaduni na vijana. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo jingine: kwamba wakulima waliotawanyika wasogee wakae pamoja vijijini, ndipo huduma ziwafikie. Wakati ule lilisikika kama ushauri. Miaka 10 baadaye, 1972, mkoa wetu ukawa miongoni mwa ya kwanza kuonja operesheni ya vijiji. Bibi anakumbuka walivyobeba mlango wa nyumba kichwani kwa sababu mbao zilikuwa ghali, wakaacha migomba na michikichi kwenye matongo. Mpaka leo akitaja "kule kwetu" anamaanisha mahali ambapo hakuna nyumba hata moja.

Kwa hiyo usiniambie hotuba ni maneno. Zinachukua muda kufika, basi.

---

Kidagaa Moto

Hapo umenipiga. Nakaa pembeni kidogo.

---

Wakili Njaa

Mwanzisha uzi umesoma vizuri kuliko baadhi ya niliosoma nao. Niongeze mambo mawili, maana sheria yetu ina utamu wake.

Watu wengi wanadhani Rais ni mgeni bungeni. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais, na Wabunge. Yaani akiingia ukumbini Dodoma hajaja ugenini, ni mwenye nyumba aliyekuwa chumba kingine. Ndiyo asili ya mfumo tuliorithi kwa Waingereza. Kule mfalme ni sehemu ya bunge, na hotuba anayoisoma kwenye kiti cha enzi huandikiwa na serikali, yeye anatia sauti tu. Sisi tukaunganisha: anayesoma ndiye mwenye serikali.

La pili ndilo linalonikera. Mtu asiseme Katiba yetu haijui kuweka tarehe. Inajua sana ikitaka. Soma ibara ya 143 kuhusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Taarifa anampa Rais, Rais anaagiza iwasilishwe bungeni kabla ya siku saba za mkutano kupita. Na Rais asipofanya hivyo, Mdhibiti anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Siku saba! Na mlango wa dharura juu yake. Kumbe kwenye hesabu za fedha tuliaminiana kidogo tukaandika siku, kwenye hesabu ya nchi nzima tukaandika "aweza".

---

Mzigo wa Kibirizi

Wakili, hiyo ya siku saba sikuijua. Asante, ndiyo maana nikaleta huku.

---

Mzee wa Cheyo

Wanangu, mimi niko Tabora, mwalimu mstaafu, macho yanasumbua kwa hiyo nitaandika polepole na mtanisamehe nikikosea herufi.

Mnaongelea jambo hili kama limezaliwa juzi. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Gavana mwenyewe ndiye aliyelihutubia, na waliomsikiliza ni watu aliowateua. Mwafrika hakuwemo hata mmoja siku ile. Sasa hapo utamtaka nani amhoji? Hotuba ilikuwa tangazo. Nadhani kipande cha tangazo kimebaki ndani ya hotuba zetu hata baada ya walioketi kubadilika.

Nakumbuka enzi ya Mzee Mkapa. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akizungumza na wananchi kupitia redio. Shule niliyokuwa nafundisha tulikuwa na redio moja ofisini, tunaisogeza dirishani, wazazi wanasimama nje chini ya mwembe. Kuna mwezi alizungumzia uchumi kwa tarakimu mpaka mzee mmoja akaniuliza, mwalimu, huyu anatuambia au anatufundisha? Nikamwambia yote mawili. Mheshimiwa Kikwete aliuendeleza utaratibu ule. Ulikuwa mzuri, nasema kweli. Ila mle redioni hakuna mtu wa kunyoosha mkono. Unasikiliza, unazima, unakwenda shambani.

Na sisi wa Tabora tulikuwa na Spika wetu, marehemu Samuel Sitta wa Urambo, aliyekalia kiti 2005 hadi 2010. Wakati wake Bunge lilichemka, Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu kwa suala la Richmond, ile kampuni ya mkataba wa umeme wa dharura. Agosti mwaka huohuo Rais Kikwete akaja mwenyewe Dodoma kulihutubia Bunge, na fedha zilizochotwa akaunti ya EPA ya Benki Kuu zilikuwemo. Hakulazimishwa na ibara yoyote. Alitumia hiyo "aweza" mnayoisema. Kwa hiyo neno si baya, linategemea nani analishika na moto umefika wapi.

---

Binti wa Kasulu

Shikamoo mzee. Umemalizia na neno ambalo ndilo shida yenyewe: "moto umefika wapi". Yaani mpaka uwake?

---

Mzee wa Cheyo

Marahaba binti. Umenishika.

---

Gungu Darasani

Nafundisha uraia sekondari, kipindi cha Bunge huwa kinanichosha kuliko wanafunzi. Lakini suala hili naliletea vijana kila mwaka kwa mfano wa Marekani, kwa sababu wengi wanadhani kule jambo hili limenyooka tangu zamani. Halijanyooka.

Katiba yao inasema Rais atalipa Bunge taarifa ya hali ya muungano "mara kwa mara". Haijasema kila mwaka, haijasema kwa mdomo. George Washington alikwenda mwenyewe 8 Januari 1790, wakati huo mji mkuu ukiwa New York, akasema maneno elfu moja na kidogo akakaa. Ukisoma kwa sauti ni kama dakika kumi. Thomas Jefferson, 1801, akaona kusimama mbele ya wabunge kunafanana mno na mfalme wa Uingereza. Akaandika, akatuma, karani akasoma. Mtindo huo ukadumu zaidi ya miaka 110, mpaka Woodrow Wilson alipokwenda mwenyewe tena 1913, na kuna waliomshangaa.

Kilichofuata ni vyombo vya habari. Redio 1923, televisheni 1947, na 1965 Lyndon Johnson akaihamishia usiku ili watu wakiwa nyumbani wamwone. Tangu hapo hotuba ikaanza kumtazama mwananchi juu ya kichwa cha mbunge.

Kinachowavutia wanafunzi wangu ni kwamba kule Rais hualikwa. Tofauti na alivyoeleza Wakili, kule yeye si sehemu ya Bunge. Mwanzoni mwa 2019, serikali ikiwa imefungwa kwa ugomvi wa bajeti, Spika Nancy Pelosi alizuia mwaliko, na Donald Trump akasubiri hadi 5 Februari. Darasa huwa linapiga kelele hapo. "Mwalimu, Spika anaweza kumwambia Rais asije?" Kengele hulia kabla sijamaliza kujibu, namshukuru Mungu.

---

Kidagaa Moto

Nimerudi. Sasa mnataka ya Afrika Kusini? 12 Februari 2015, Jacob Zuma anasimama kuhutubia, mawasiliano ya simu yamezimwa ukumbini, waandishi wanapiga kelele warudishiwe mtandao, wabunge wa EFF, chama cha upinzani, wanauliza lini atalipa fedha za umma zilizotumika kwenye nyumba yake ya Nkandla, wanaingia walinzi kuwabeba. Ngumi. Hiyo ndiyo hotuba ya mwaka yenye tarehe. Sisi ya kufungua Bunge tu imetushinda kutulia: Novemba 2010 wapinzani walitoka wenyewe, Novemba 2015 walipiga kelele mpaka wakatolewa. Ukiifanya ya kila mwaka, itakuwa sikukuu ya kutolewa nje kila mwaka.

---

Wakili Njaa

Kidagaa, mfano wako unasema kinyume chako. Wale walikuwa na pa kumwulizia. Walijua siku, walijua saa, wakajipanga. Njia yao sikuipenda, lakini hawakuwa na haja ya kumtafuta Rais kwenye mkutano wa hadhara. Na mwaka 2022, jengo la Bunge lilipoungua Januari, Februari hotuba ikatolewa ukumbi wa jiji la Cape Town. Jengo limeungua, tarehe haikuungua.

---

Nguruka Stesheni

Wanaume mmekwenda Marekani mmerudi, na mimi niko hapahapa relini.

Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa, SGR, kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Tukashangilia. Tangu hapo ukitaka kujua imefikia wapi, unaokota vipande: leo Waziri wa Uchukuzi kwenye bajeti yake, kesho mkurugenzi fulani kwenye ziara, kesho kutwa mkuu wa mkoa. Kila mmoja ana asilimia yake, na kila mmoja anahesabu kuanzia anapotaka. Liemba vilevile. Meli imetajwa kwenye hotuba za wizara mpaka watoto wanadhani ni jina la hotuba.

Ninachotaka mimi si hotuba tamu. Nataka mtu yuleyule, mahali palepale, kila mwaka, mbele ya watu walewale wenye daftari la mwaka jana. Akisema mwaka huu "tumefika hapa", mbunge wa Kigoma afungue daftari aseme mheshimiwa, mwaka jana ulisema tungekuwa pale. Basi. Hata asipojibu, tutakuwa tumeona hajajibu.

---

Gungu Darasani

Dada wa Nguruka, wiki hii nakuazima uje unifundishie.

---

Kidagaa Moto

Sasa hilo la daftari nimelielewa. Lakini bajeti si ipo? Waziri wa Fedha anasoma kila Juni. Waziri Mkuu anaulizwa maswali ya papo kwa papo Alhamisi. Kuna haja gani ya kumvuta mkubwa mwenyewe?

---

Mzigo wa Kibirizi

Kidagaa, Waziri anajibu la wizara yake. Ukimuuliza kwa nini reli imechelewa anasema fedha, wa fedha anasema vipaumbele, na vipaumbele vinapangwa na nani? Mnunuzi wangu akipata mfuko uliolowa hamfuati kijana wa mkokoteni, ananifuata mimi.

Kenya wameandika vizuri, ibara ya 132 ya Katiba yao ya 2010: Rais atalihutubia Bunge jipya, na atalihutubia kikao maalumu mara moja kila mwaka, na anaweza kulihutubia wakati mwingine wowote. Ona, "aweza" yetu hawakuifuta. Wameiweka ya tatu, baada ya "ata" mbili. Uganda nao, ibara ya 101, mwanzo wa kila kikao cha mwaka. Majirani watatu ninaoweza kuwataja bila kuangalia ramani.

---

Wakili Njaa

Na Kenya 2015 ilionesha kinachoweza kutokea. Machi mwaka ule Uhuru Kenyatta alikwenda kwenye hotuba yake ya mwaka akiwa na orodha ya maofisa waliotuhumiwa kwa rushwa, akaikabidhi Bunge, akaomba radhi pia kwa dhuluma za serikali zilizopita. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu yaliyofuata, na Wakenya wamebishana kweli. Lakini yalisemwa ndani ya kumbukumbu rasmi za Bunge, si kwenye harusi.

Linganisha na la kwetu. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe, mbunge wa hapahapa Kigoma Kaskazini, ilileta taarifa ya fedha zilizochotwa akaunti ya Tegeta Escrow. Bunge likajadili hadi usiku, likapitisha maazimio. Majibu ya Rais Kikwete yalitoka 22 Desemba. Yalitolewa wapi? Mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Waziri mmoja akaondolewa siku ileile, mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Nawaheshimu wazee, ila swali liliulizwa Dodoma.

---

Mzee wa Cheyo

Hapa naomba niseme neno kuhusu wazee, maana na mimi ni mzee na sijawahi kuitwa.

Desturi ile ina mizizi. Mtemi wa Unyanyembe hakuamua jambo zito peke yake, kulikuwa na wazee wa kumkalia kikao. Kiongozi akiona jambo limekuwa gumu anarudi kwa wazee, hilo liko damuni mwetu, na wazee wa Dar es Salaam wana historia yao na TANU. Kwa hiyo sishangai. Ila mbele ya mtemi wazee walikuwa wakisema. Wale wa ukumbini niliowaona kwenye televisheni walikuwa wakipiga makofi. Hapo ndipo desturi imeachwa mwili ikatolewa roho.

Hata hivyo nitetee "aweza" mara ya mwisho. Machi 2021 nchi ilipofiwa na Rais, Mama Samia aliapishwa tarehe 19. Hakukuwa na uchaguzi wala Bunge jipya, kwa hiyo ile "atalihutubia" haikumhusu. Tarehe 22 Aprili akaenda Dodoma akalihutubia Bunge kwa hiyo ruhusa. Nilikaa na wanangu tukasikiliza mpaka mwisho. Siku ile nilitaka kumsikia akisema pale, na alisema pale.

---

Binti wa Kasulu

Mzee kweli tupu. Lakini mwaka uliofuata ungetaka kumsikia tena palepale, na ungesubiri uone kama ataona inafaa.

---

Nguruka Stesheni

Na msisahau kwamba hata hotuba ikiwepo lazima tuione. Januari 2016, Bunge lilipokaa baada ya lile la kufunguliwa Novemba, ndipo serikali ilipotangaza TBC haitarusha tena vikao moja kwa moja kama zamani. Hapa stesheni kulikuwa na duka moja la vinywaji lililokuwa likijaa saa za Bunge kuliko saa za mpira. Mwenyewe alifunga kabisa ile televisheni, akaweka friji mahali pake.

---

Kidagaa Moto

Friji angalau linatoa kitu baridi.

Haya, nimehamia upande wenu, kwa sharti moja: hotuba iwe fupi kama ya huyo Washington. Dakika kumi, halafu maswali saa tatu.

---

Mzigo wa Kibirizi

Narudi kutoa mrejesho, wakuu, halafu nikapakie, boti mbili zimeingia.

Yule mama alikuja wiki iliyopita kuchukua chumvi mifuko sita. Nikaona nisimwache na uongo wangu wa mwezi wa sita. Nikamwambia, mama, lile swali lako nililikosea, nimekwenda kusoma. Wetu analihutubia Bunge likiwa jipya, baada ya uchaguzi.

Akaitikia. "Na kisha?"

"Kisha, aweza."

Akabaki ananitazama, kalamu iko juu ya daftari lake la mzigo, akidhani sentensi bado haijaisha.